Wimbo Uliofikishwa Seneti

Juma hili nawaletea kisa cha wimbo wa roki nzito uliowatia kiwewe wakubwa wa Washington. Ni "We're Not Gonna Take It" wa bendi ya Twisted Sister, uliotoka mwaka 1984. Jina lake maana yake ni kwamba hatukubali tena.

Mwaka 1985 wake wa wakubwa, wakiwamo Tipper Gore, mkewe Seneta Al Gore, na Susan Baker, mkewe Waziri wa Fedha, waliunda chama cha kupinga nyimbo chafu. Wakatangaza orodha ya nyimbo 15, na huu ukatiwa humo kwa kosa la ukatili.

Mimi nimeupitia ubeti kwa ubeti. Hamna ngumi, hamna kisu, hamna damu. Ni kijana tu anayesema maisha yake ni yake. Vurugu zimo kwenye video: baba mkali anamfokea mwanawe, kisha yeye ndiye anayerushwa dirishani, na kila akianguka anainuka, kama kwenye katuni. Basi maneno yakashitakiwa kwa makosa ya picha!

Tarehe 19 Septemba 1985 kamati ya Seneti ilikaa kusikiliza. Mwimbaji Dee Snider aliingia na jinzi zake na nywele tele, akachomoa mfukoni karatasi iliyokunjwa. Aliyetarajia kumwona mlevi alivunjika moyo. Alisema ana miaka 30, ana mke na mtoto wa miaka mitatu, ni Mkristo, havuti, hanywi, wala hatumii dawa za kulevya. Kuhusu wimbo wao mwingine, "Under the Blade", ambao Bibi Gore aliuona kuwa wa kuteswa kimapenzi, alieleza kwamba ulitungwa kwa ajili ya mpiga gitaa wao aliyeogopa kupasuliwa koo hospitali. Mume wa Bibi Gore alikuwa palepale, miongoni mwa waliomhoji.

Sikatai, mzazi ana haki ya kujua mwanawe anasikiliza nini. Lakini ajue kwa kusikiliza.

Novemba mwaka huohuo makampuni ya santuri yalikubali kubandika onyo. Baadaye maduka ya Wal-Mart yakakataa kuuza zenye onyo hilo.

Mwaka 2003 Arnold Schwarzenegger aliutumia wimbo huohuo kuwania ugavana wa California. Mwaka 2012 Paul Ryan, mgombea wa Umakamu wa Rais, akaupiga kwenye mikutano yake, na Snider akamtaka aache.