Dokta wa Kaunta: Duka la Dawa Pembezoni mwa Dar es Salaam

Katika mitaa ya Tandika, Mbagala na Manzese bado utakuta duka la dawa ambalo ubao wake umepakwa rangi mara mbili. Herufi za juu zinasema DUKA LA DAWA MUHIMU. Jua la saa kumi likiupiga ubao kwa upande, neno la zamani linajitokeza chini ya rangi: BARIDI. Kati ya maneno hayo mawili imepita zaidi ya miaka thelathini ya tiba ya watu wa kawaida, na sehemu kubwa ya miaka hiyo haimo katika jalada la hospitali yoyote. Ilipita juu ya kaunta ya mbao, kati ya mgonjwa mwenye hela kidogo na mtu anayeitwa "dokta" ingawa udaktari hakuusomea.

Nyuma ya jina la dawa baridi ipo Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978. Iliruhusu maduka madogo yasiyo na mfamasia kuuza dawa zisizohitaji cheti: za maumivu, mafua, kikohozi na nyongo iliyochafuka. Dawa kali zilibaki famasi, na famasi zilibaki katikati ya mji. Wateja ndio hawakubaki huko.

Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wasiofika 300,000. Ya 1988 ikawakuta zaidi ya 1,300,000. Walijenga Manzese, Tandale, Mtoni, Yombo, popote kilipopatikana kiwanja, na huduma za afya hazikuweza kwenda na kasi hiyo. Mwaka 1977 Bunge lilikuwa limepitisha sheria iliyopiga marufuku tiba ya kibiashara. Nia ilikuwa njema: ugonjwa wa mtu usiwe mtaji wa mwingine. Lakini muongo uliofuata ulikuja na gharama za vita ya Kagera na uhaba wa fedha za kigeni, na rafu za zahanati zikabaki tupu. Denmark na UNICEF walipoanza kuleta maboksi ya dawa muhimu katika miaka ya 1980, maboksi yale yalilengwa vijiji. Mkazi wa Tandale alisikia sentensi ambayo kila Mtanzania wa umri fulani anaijua: "Dawa hakuna, kanunue nje."

Huko nje kulikuwa ni duka la dawa baridi.

Mwaka 1991 sheria ile ya 1977 ilirekebishwa na zahanati binafsi zikafunguliwa tena, nyingine ndani ya nyumba za kupanga, chumba kimoja cha daktari na kingine cha sindano. Mwaka 1993 ukaja uchangiaji wa gharama katika hospitali za serikali. Mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuanzisha Bohari ya Dawa, ambayo makao yake yapo Keko, ndani ya Temeke, wilaya ileile ya Tandika na Mbagala. Malori yake hupeleka dawa kwenye vituo vya umma nchi nzima; mwenye duka la Tandika, anayeishi jirani nayo, hununua mzigo wake kwa wauzaji wa jumla.

Kwa mama wa Mbagala, hesabu ilikuwa ya asubuhi moja. Akienda Hospitali ya Temeke kuna nauli, kuna foleni, na huenda akaambiwa akanunue nje vilevile. Duka lipo hatua hamsini kutoka mlangoni kwake na linafunguliwa hadi saa tatu usiku. "Dada, mtoto anachemka tangu jana, nina mia tano tu." Muuzaji anachukua mkasi, anakata vidonge vinne kutoka kwenye karatasi yake, anavifunga katika kipande cha gazeti. Nusu dozi. Mtoto akipoa, mama hatarudi. Asipopoa pia huenda asirudi, atajaribu duka lingine. Kaunta ilimjua mama kwa sura, lakini haikuwahi kujua mwisho wa homa ile.

Si haki kumchora muuzaji yule kama tapeli. Mara nyingi alikuwa muuguzi msaidizi, mstaafu au aliyeajiriwa mahali akitafuta riziki ya ziada jioni. Alikuwa na uzoefu na huruma, akakopesha watu aliojua hawatalipa. Alikuwa pia na vidonge vya rangi mbili chini ya kaunta, viuavijasumu asivyoruhusiwa kuviuza, kwa sababu mteja alivitaka na duka jirani lingempa. Sheria ilimkataza kuuza dawa ambayo mtaa mzima ulikuwa ukiihitaji, na mkaguzi alipita mara chache.

Tathmini ya mwaka 2001 ilihesabu maduka ya dawa baridi zaidi ya 4,600 nchini, mengi kuliko famasi kwa mbali sana, na ikakuta dawa za cheti zikiuzwa humo kama kawaida. Mamlaka ya Chakula na Dawa, iliyozaliwa kwa sheria ya 2003, ilikuwa na njia mbili: kuyafunga, au kukubali kwamba ndiyo zahanati ya kwanza ya wananchi na kuyafundisha kazi. Ikachagua ya pili, na kwa maoni ya mwandishi, huu ni mmoja wa maamuzi yenye busara kuliko yote katika historia ya afya ya nchi hii. Majaribio yalianza mwaka huohuo mkoani Ruvuma, pamoja na shirika la Marekani la Management Sciences for Health na fedha za mfuko wa Bill na Melinda Gates. Muuzaji alisoma kwa wiki kadhaa, akapewa cheti, koti jeupe na kitambulisho chenye picha. Duka likakaguliwa, sakafu, dari na rafu. Kisha likaruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwamo amoksilini na kotrimoksazoli, na kuziandika kwenye rejesta. Mpango ukasambaa mkoa kwa mkoa. Pembezoni mwa Dar es Salaam ulifika miaka mingi baada ya Ruvuma. Hapo ndipo mafundi wa mabango walipopaka rangi ya pili.

Rejesta ile ya karatasi, yenye kona zilizokunjamana, ilikuwa teknolojia ya kwanza kuipa kaunta kumbukumbu.

Malaria ndiyo iliyoijaribu kaunta hiyo. Klorokwini, ile iliyowawasha watu mwili mzima, iliachwa mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilikuwa vimeizoea. Ikafuata SP (sulfadoksini-pirimethamini), na ikachoka upesi. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ALu, yenye dozi sita kwa siku tatu na pakiti tofauti kwa uzito wa mgonjwa: ya njano kwa mtoto mdogo ina vidonge sita, ya kijani kwa mtu mzima ina ishirini na vinne. Dawa iliyofungwa hivyo haikatiki kwa mkasi bila kila mtu kuona kwamba dozi imevunjwa. Kilichobaki kikwazo ni bei. Kuanzia 2010 mpango wa kimataifa wa ruzuku ulishusha bei ya mseto madukani, na kila pakiti ya ruzuku ikawa na alama ya jani la kijani ambayo hata asiyejua kusoma aliitambua.

Lakini dawa nzuri inaweza kutolewa kwa ugonjwa usiokuwapo. Mwaka 2008 watafiti waliwapima kwa kina watoto 1,005 wenye homa jijini Dar es Salaam na Ifakara. Waliokuwa na malaria walikuwa asilimia 10.5. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi ya virusi. Kwa wazazi waliolelewa wakijua kwamba homa ni malaria, hilo lilikuwa gumu kumeza, na kwa wauguzi vilevile. Vipimo vya haraka, kile kipande cha plastiki kinachosubiri tone la damu ya kidole na kuonyesha mstari ndani ya dakika kumi na tano au ishirini, vilipoingia katika vituo vya afya vya jiji, matumizi ya dawa za malaria yalishuka kwa takriban robo tatu. Viuavijasumu vikapanda. Mtu aliyekwisha kuambiwa mtoto hana malaria bado alitaka kutoka na kitu mkononi, na mtoa huduma hakuwa na jibu lingine.

Jibu lilijaribiwa katika vituo tisa vya Dar es Salaam kati ya 2014 na 2016, kwenye kishikwambi. Mtoa huduma aliulizwa na skrini swali baada ya swali: mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika, ananyonya, oksijeni kidoleni inasomaje, kipimo cha damu kinasemaje. Mwisho skrini ilipendekeza tiba. Katika huduma ya kawaida, watoto wapatao 95 kati ya 100 walikuwa wakipewa viuavijasumu. Kwa mwongozo wa kielektroniki wa awali ilikuwa asilimia 29.7, kwa huu mpya, 11.5. Na watoto wa kundi hili ndio walioshindwa kupona kwa uchache zaidi.

Wakati huo simu ya mkononi ilikuwa imekwisha kuingia katika tiba kwa mlango wa fedha. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008. Hospitali ya CCBRT, Msasani, iliona mapema kwamba wanawake wenye fistula hawakuwa wakishindwa na matibabu, yaliyokuwa ya bure. Walishindwa na nauli. Ikaanza kumtumia nauli kwa simu mjumbe aliye karibu na mgonjwa, mjumbe akampandisha basi. Mwaka 2012 ulikuja ujumbe wa Wazazi Nipendeni: mjamzito aliandika neno "mtoto" kwenda 15001 akapata mawaidha bila malipo. Kaunta nayo ikapokea malipo kwa simu, na mume aliyeko kazini Kariakoo akaweza kulipia dozi nzima ya mwanawe aliyeko Mbagala. Badiliko hilo halisifiwi inavyostahili, maana nusu dozi nyingi zilitokana na pochi tupu ya aliyesimama dukani, wala si ujinga wake.

Ukitoka Mbezi kwa barabara ya Morogoro, ukavuka mpaka wa jiji, unafika Kibaha. Huko ndiko mpango wa Afya-Tek ulikoyaunganisha maduka ya dawa muhimu, wahudumu wa afya ya jamii na vituo vya afya katika programu moja ya simu. Mteja anatambuliwa kwa alama ya kidole. Mtoa dawa anajibu maswali ya skrini, na akiona dalili ya hatari, mathalani mtoto anayepumua kwa kasi au mjamzito mwenye homa, hamuuzii kitu tu na kumwacha aende. Anaandika rufaa, nayo inafika kituoni kabla ya mgonjwa. Kituo kikimpokea, taarifa inarudi dukani. Asipoonekana, mhudumu wa jamii anapata jina na kwenda kumgongea mlango. Asubuhi, kabla ya kufagia kibaraza, mtoa dawa anaweza kufungua simu na kuona kama yule mama wa jana alifika.