Wake Walitangulia: Historia ya Wauguzi wa Kerala Marekani

Hadi mwaka 1965, Marekani ilitenga nafasi 100 tu kwa mwaka kwa wahamiaji kutoka India. Mwaka huo sheria ilibadilika, wenye taaluma wakafunguliwa mlango. Na mwaka huohuo zikaanzishwa bima za Medicare na Medicaid, zilizowawezesha wazee na maskini wengi zaidi kutibiwa. Hospitali zikahitaji wauguzi.

Kerala, kusini mwa India, ilikuwa nao. Hospitali za wamisionari zilikwisha kuwafundisha mabinti wa Kikristo kazi ambayo familia nyingi za Kihindu za tabaka la juu ziliiona najisi, kwa kuwa muuguzi hugusa damu na miili ya watu baki. Wengi walianzia Delhi au Bombay, wakituma fedha za kusomesha wadogo zao na kulipa mahari ya dada zao, maana huko mahari hutoka upande wa bibi harusi. Kisha wakavuka bahari. Waume na watoto wakafuata.

Hapo mila ikatikisika. Sheba George, mwanasosholojia aliyechapisha utafiti wake juu yao mwaka 2005, anasimulia waume waliokuja na elimu yao wakaangukia vibarua, ilhali mshahara wa uhakika ulikuwa wa mke. Mke akiingia zamu ya usiku, mume ndiye aliyepika na kuwalaza watoto. Heshima iliyopotea waume wakaisaka kanisani, katika kamati na nyadhifa zisizoshikwa na wanawake. Ni dhuluma kweli: sadaka iliyolipia majengo ilitoka pia kwenye jasho la zamu za usiku, lakini mwenye jasho hakuketi mezani.

Hata hivyo kanisa liliwaunganisha. Palepale watoto walisikia Kimalayalam, lugha ya Kerala, na sikukuu ya Onam, ya mavuno na ya mfalme Mahabali, ikasogezwa hadi mwisho wa juma ili wafanyakazi waipate. Mwaka 2001 Wakatoliki wa Siro-Malabar, mojawapo ya makanisa ya Kerala, walipewa jimbo lao la kwanza nje ya India, makao yake Chicago.

Sasa wajukuu wanasomewa Misa kwa Kiingereza, na baadhi ya wazee wanalalamika kwamba urithi unamomonyoka. Malalamiko hayo yana uchungu wa kweli. Lakini katika kanisa hilo la Siro-Malabar, Misa ilisomwa kwa Kisiria karne kwa karne. Kimalayalam kiliingia mwaka 1962, miaka mitatu tu kabla ya sheria iliyowafungulia wauguzi mlango wa Marekani.