Sakafu Iliyolika kwa Maombi

Tunaposoma Injili tunakutana na sinagogi mara nyingi. Humo Bwana Yesu alizoea kuingia siku ya Sabato, na humo Mtume Paulo alianzia mahubiri yake katika miji mingi. Hata hivyo, wengi wetu hatujui waumini wa Kiyahudi wa nyakati za karibu walivyozijenga na kuzitunza nyumba zao za ibada. Sinagogi la Mtaa wa Eldridge, jijini New York, lina jambo la kutufundisha.

Lilifunguliwa mwaka 1887. Waliolijenga walikuwa Wayahudi kutoka Ulaya Mashariki, watu waliokimbia umaskini na mateso, wakaishi kwa kubanana katika vyumba vya kupanga. Wachoraji wa ramani walikuwa ndugu wawili, Peter na Francis Herter. Upande wa barabarani waliweka dirisha kubwa la mviringo lililozungukwa na miduara 12, kama makabila 12 ya Israeli, pamoja na matao yanayofanana na yale ya Waislamu wa Hispania ya kale. Ndani, ukuta wa mashariki una kabati la mbao la kuhifadhia magombo ya Torati, na wanawake walikaa kwenye roshani za juu. Nguzo za mbao zilipakwa rangi zionekane kama marumaru. Maskini hao walimpa Mungu kilicho bora katika uwezo wao.

Kisha watu wakapungua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1924 ilizuia wahamiaji wengi, na familia zilizopata nafuu zilihamia sehemu nyingine za jiji. Kufikia miaka ya 1950 ukumbi mkuu ulifungwa. Mvua ikavuja, njiwa wakaingia, vumbi likafunika viti. Lakini waumini wachache walishuka kwenye chumba cha chini, wakaendelea kusali.

Mwaka 1986 ulianzishwa mpango wa kulikarabati jengo. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 2007, kwa gharama ya dola zipatazo milioni 20. Leo ni jumba la makumbusho, na bado waumini husali humo.

Mafundi walipofika kwenye sakafu ya zamani, waliikuta na mabonde madogo mbele ya viti. Wayahudi huyumbisha mwili wanaposali, na miguu ya vizazi ilikuwa imezila mbao. Mafundi hawakuzisawazisha mbao hizo. Mabonde yale yapo hadi leo.

Nasi katika makanisa yetu tunachanga kwa ajili ya mabati, vigae na vipaza sauti, na ni vema. Lakini jengo la Eldridge lilipooza kwa juu, imani haikufa, kwa sababu chini walikuwepo watu. Basi tunapohesabu michango ya ujenzi, tuwahesabu pia wanaokuja kwenye maombi ya katikati ya wiki. Wakiwa wachache, tusiwadharau. Tuungane nao.