Mbuzi wa Baba

Hebu nikuulize, ndugu msomaji, mtu hukua mara ngapi? Sisi vijana wa mjini tunadhani ni mara moja tu. Umepashwa tohara, umekuwa mwanaume, kwisha!

Kwa Wakikuyu wa zamani huo ulikuwa mlango wa kwanza tu. Jomo Kenyatta ameyaeleza haya katika Facing Mount Kenya (1938). Mwanamume akishaoa na kuwa na boma lake, alitoa mbuzi dume au kondoo, akaingia kiama cha kwanza cha wazee, kamatimo. Lakini asidhani amefika! Kazi yake ilikuwa kuchuna mbuzi, kuokota kuni na kuwasha moto, huku wakubwa wakiamua kesi naye akisikiliza. Mtu mzima na mkewe, anatumwa kuni!

Kupanda ngazi kulimtegemea mtoto wake. Mtoto alipofikia kutahiriwa, baba naye alitoa mbuzi, akaingia mataathi. Yaani siku za mwana kukua zilikuwa za baba pia. Watoto karibu wote wakishatahiriwa, na mke amekoma kuzaa, kulikuwa na maturanguru, wazee wa matambiko.

Mimi nilitahiriwa hospitalini nilipomaliza darasa la nane. Baba alilipa pesa dirishani, akauliza habari za dawa, akarudi kazini. Nani alimpokea yeye? Leo ana mvi, na hakuna aliyewahi kumwambia, "Mzee, sasa keti hapa."

Juzi nilimsomea karatasi hii. Alicheka, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza mbuzi siku hizi ni bei gani.