Nailoni ya Boneti Ilianzia Kwenye Helikopta

Mtu anajichanga miaka, anashusha IST yake kutoka Japani, inang'aa balaa. Anatoka Mwanza kwenda Shinyanga nyuma ya loli la kokoto... paa! Boneti imebanduka rangi. Leo kidoti, kesho kutu.

Ile nailoni angavu inayobandikwa kuzuia hayo maumivu, wengi wanadhani ni mambo ya juzi. Wapi! Ni ya Vita vya Vietnam, miaka ya 1960. Helikopta za Marekani zilitua kwenye mchanga na vumbi, mapanga yakawa yanalika. Kampuni ya 3M ikaleta utando wa poliyurethani, laini lakini mbishi: jiwe likigonga unanyumbuka, pigo linasambaa. Magari ya mashindano yakaudaka, kisha ya mtaani. Za zamani ziligeuka njano juani, aibu tupu. Za sasa zina unene wa kama milimita 0.2, na nyingine mikwaruzo midogo inajifuta kwa joto la jua.

Sasa Mwanza ni Rock City, kuna watu wanakula kwa kuponda mawe, na kokoto lazima zisafiri. Kufunika gari zima bei inauma, kwa hiyo wajanja wanabandika boneti na bampa la mbele tu. Wakikutana na loli lisilo na turubai, wanaliacha litangulie.