Muziki wa The Keep: CD 150 na miaka 37 ya kungoja

Leo naacha kidogo mambo ya mihogo na udongo. Kuna historia moja ya filme inanisumbuaka akili.

Mu 1981, Mmarekani F. Paul Wilson alitoa kitabu The Keep: mu vita, mwaka 1941, askari wa Ujerumani wanaingia mu ngome ya milima ya Romania, na kitu fulani kinaanza kuwaua mmoja mmoja. Michael Mann akachukua kile kitabu, akaenda kupiga filme kule Wales, mu shimo la zamani la kuchimba mawe. Matatizo yakafuatana. Wally Veevers, mzee aliyesimamia ujanja wa picha, akafariki na picha za mwisho hazijaisha. Mann alikuwa na filme ya dakika 210, studio ya Paramount ikaikata mpaka 96. Zaidi ya nusu, imetupwa! Ikatoka Desemba 1983, watu hawakuingia, na Wilson mwenyewe hakuipenda.

Muziki ulikuwa wa Tangerine Dream, kundi la Berlin: Edgar Froese, Christopher Franke na Johannes Schmoelling, na masintetiza yao. Diski iliyongojwa haikutoka. Hapa njo wakusanyaji walianza kazi. Kopi za magendo zikapita mkono kwa mkono, kaseti ikizaa kaseti, na sauti ikizidi kuchafuka.

Mu 1997 kundi likauzisha CD 150 tu. Kwa dunia nzima! Aliyeipata akadhani amefika. Kisha anaisikiliza: vipande vingi havimo mu filme, na vingi vya mu filme havimo mu CD. Basi mwenye CD ya bei kali bado anahitaji ile kaseti chafu. Cha halali na cha magendo, hakuna kimoja kinachobeba muziki mzima. Sisi watu wa kilimo tunaelewa: mbegu ya maharage iliyopotea kwenye kituo cha utafiti, wakati mwingine mama mmoja wa kijiji angali anailinda mu chungu, pamoja na majivu.

Ilibidi kungoja 2020 ndipo diski ya The Keep ikatoka rasmi, ndani ya sanduku la Pilots of Purple Twilight. Froese alikuwa amekufa tangu Januari 2015. Na ile filme ya dakika 210, mpaka leo haijatokea.