Posho ya Mpagazi

Siku hizi tunasikia habari za maghala ya Marekani ambamo roboti zinasomba bidhaa usiku na mchana, na magari ya kunyanyulia mizigo yanatembea kwa haidrojeni bila kutoa moshi. Vijana tukikaa kijiweni tunabishana. Mmoja anasema mashine hizo zikifika kwetu tumekwisha. Mwingine anamcheka, eti huyo ni mshamba, maendeleo hayazuiliki. Mimi nasema wote wawili wangeanza kwa kuuliza Ujiji. Mwambao huu wa Ziwa Tanganyika umeshaona mzigo ukihama kutoka bega la mtu kwenda kwenye chuma, tena si mara moja.

Hebu turudi nyuma. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia pwani, Bagamoyo, ikapita Tabora hadi ziwani. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika ziwani Februari 1858. Mwaka 1871 Stanley akamkuta Livingstone hapo hapo Ujiji. Watoto wa shule wanayajua majina hayo kwa moyo. Lakini nani alibeba masanduku yao? Nani alibeba nguo, shanga na nyaya za shaba zilizokwenda bara, na nani alirudi na pembe za ndovu?

Ni mpagazi. Wengi walikuwa Wanyamwezi, watu walioifanya kazi hiyo kuwa fani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, mbali na mkeka wa mtu na chungu chake cha kupikia. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye kuijua njia. Wanyampara walisimamia makundi yao. Malipo yalikuwa kwa nguo au bidhaa, na kila siku mpagazi alidai posho, maana tumbo halisubiri mwisho wa safari.

Tusiipake historia rangi ya waridi. Katika njia hiyo hiyo walipita pia watu waliofungwa minyororo, watumwa, ambao hawakuwa na posho wala mkataba. Ila mpagazi wa kuajiriwa alikuwa mtu mwingine kabisa. Posho ikipunguzwa, mizigo ilituliwa chini na safari ikasimama. Akizidi kuonewa, alitoroka usiku. Wasafiri wa Kizungu wamejaza vitabu vyao manung'uniko juu ya wapagazi wakaidi. Mimi nikisoma manung'uniko hayo naona kitu kingine: naona wafanyakazi waliojua kwamba bila wao mzigo hausogei hata hatua moja. Huo ndio uliokuwa mtaji wao.

Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Mwaka 1907 ilifika Morogoro, mwaka 1912 Tabora, na mwanzoni mwa 1914 ikafika Kigoma, mwendo wa kilometa 1,250 hivi. Piga hesabu mwenyewe: behewa moja la tani 20 linabeba mizigo ya wapagazi zaidi ya 600. Tena behewa haliombi posho, wala halitoroki usiku. Safari ya miezi ikawa safari ya siku chache.

Angalia pia kwamba reli haikwenda Ujiji. Ilikwenda Kigoma, kilometa chache tu kaskazini, kwa kuwa hapo pana ghuba inayofaa kwa meli kubwa, ambapo ufuko wa Ujiji uko wazi kwa mawimbi. Mji uliokuwa na jina kubwa kuanzia Zanzibar hadi Kongo ukageuka kitongoji cha jirani yake. Kumbe mashine ikibadilika, miji nayo hubadilishana viti.

Kwa reli hiyo ndipo ilipofika meli tunayoijua wote. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha kama 5,000, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwezi Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya ikiitwa Liemba. Ilitembea kwa mvuke hadi miaka ya 1970, ilipowekewa injini za dizeli.

Basi, je, mpagazi alitoweka siku treni ilipopiga honi Kigoma? Hata kidogo! Mwaka huo huo wa 1914 Vita Kuu ikazuka, na mahali ambapo reli haikufika, majeshi yalihitaji mabega. Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji wote walikusanya wachukuzi kwa maelfu na maelfu, wengi kwa kulazimishwa, na wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam linatokana na kikosi cha wachukuzi cha Waingereza, Carrier Corps. Sasa tazama tofauti. Mpagazi wa msafara aliweza kutua mzigo akadai posho. Mchukuzi wa vitani akitua mzigo alikuwa na bunduki mgongoni kwake. Kazi ni ile ile, uzito ni ule ule. Kilichoondoka ni sauti.

Vita vilipokwisha, Uingereza na Ubelgiji zilitiliana sahihi mwaka 1921. Ubelgiji ikapewa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa ajili ya mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Watu wakayaita maeneo hayo Belbase. Mkataba huo uliwapangia mizigo yao wakubwa wawili. Aliyekuwa akiibeba pale gatini hakuwa na kiti kwenye meza hiyo.

Ilibidi akitafute kiti mwenyewe. Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukapanda reli ile ile kuelekea bara, kituo kwa kituo. Njia iliyomnyang'anya mpagazi kazi ndiyo iliyobeba ujumbe wa wajukuu zake. Mishahara ikapandishwa, na makuli wakawa na chama chao. Mwaka 1950 baada ya mgomo mwingine na ghasia, serikali ya kikoloni ikakifuta. Kwa upande wa Zanzibar, mgomo wa 1948 ndio uliompa Shafi Adam Shafi kisa cha riwaya yake Kuli. Wenye ndoto za kuandika tuikumbuke hiyo: gati ni mahali pa riwaya.

Sasa tufike kwenye haidrojeni. Watu wengi wanadhani ni fueli ya kuchimbwa, kama mafuta. La. Kwa sehemu kubwa haidrojeni hutengenezwa. Kwa njia mojawapo unachukua umeme, unauchanganulia maji, unapata gesi hiyo, kisha ndani ya gari gesi inakutana na hewa, inarudi kuwa umeme, na kinachotoka ni maji. Kwa hiyo haidrojeni haizalishi nguvu, inaibeba tu. Kwa lugha ya Ujiji, haidrojeni ni mpagazi!

Na kama mpagazi yeyote, inakula njiani. Kupata kilo moja ya haidrojeni kunahitaji umeme wa uniti 50 hadi 55 hivi, na maji lita tisa kwa uchache. Kilo hiyo ina nguvu ya uniti 33. Ikigeuzwa tena kuwa umeme ndani ya gari, inabaki nusu ya hizo. Yaani umetuma uniti tatu, imefika moja. Mbili ni posho.

Mbona basi Wamarekani wanaitumia? Kwa sababu katika ghala lisilolala, muda nao ni mali. Betri inakaa saa nyingi kwenye chaji. Haidrojeni inajazwa kwa dakika chache, gari linarudi kazini. Mwaka 2017 Amazon na Walmart ziliingia mikataba na kampuni ya Plug Power kwa ajili ya magari ya ghalani ya namna hiyo. Roboti zilishatangulia: mwaka 2012 Amazon ilinunua kampuni ya Kiva Systems kwa dola milioni 775, na mwaka 2025 ikatangaza kuwa imefikisha roboti milioni moja. Ila tusidanganywe na sifa ya usafi. Haidrojeni nyingi duniani bado inatengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe. Moshi haukwisha, umehamishiwa kiwandani.

Turudi Kigoma. Kwa miaka mingi mkoa huu ulipata umeme kwa majenereta ya dizeli, na ni mwaka 2022 tu ulipoanza kuunganishwa na gridi ya Taifa. Fikiria kutengeneza haidrojeni kwa jenereta: dizeli isafirishwe kutoka pwani, ichomwe ipate umeme, umeme uchanganue maji, gesi irudi kuwa umeme wa kunyanyulia gunia la dagaa. Si afadhali kumlipa kijana alinyanyue? Lakini mambo yanabadilika. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, ulitiwa sahihi Desemba 2022. Ziwa la maji lipo mlangoni. Kwa hiyo mpagazi huyu mpya anaweza kufika siku moja, akiwa wa haidrojeni au wa betri.

Akifika, mimi sitaki tumpige mawe. Kilo 32 kichwani kwa miezi si jambo la kulilia, na gunia mgongoni juu ya ubao mwembamba halijawahi kumpa mtu afya. Ninachotaka tukiulize ni kile kile walichouliza wapagazi wa karne ya 19 kabla hawajainua mzigo: posho iko wapi? Mashine ikifanya kazi ya watu kumi, ujira wa tisa unakwenda mfuko wa nani? Nani atafundishwa kuiendesha na kuitengeneza, kijana wa Mwanga na Ujiji au mtu atakayeletwa nayo? Na siku mkataba unapotiwa sahihi, kuli atakuwa na kiti mezani, au yatakuwa yale yale ya faranga moja?

Maswali hayo yaulizwe mapema, mzigo ukiwa bado chini. Ukishapanda begani, au ukishapanda kwenye chuma, bei imeshapangwa. Na sisi wenye kalamu tuna sehemu yetu. Habari za wapagazi tunazipata zaidi kwenye vitabu vya mabwana waliobebewa masanduku. Makuli wa leo pale Kigoma wapo hai, wana midomo, wana majina. Nendeni mkawasikilize, mkaandike, kabla hawajaandikiwa na wengine.